Betri mpya imevimba ndani ya miezi mitatu: nitajuaje feki kabla ya kulipa?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni wakala wa huduma za fedha hapa Morogoro, na simu yangu ya kazi ni Samsung Galaxy A30. Betri yake ilipochoka niliagiza nyingine Kariakoo. Nikaambiwa ni orijino, na kweli ilikuja kwenye pakiti na stika ya Samsung. Mwezi wa tatu tu mfuniko wa nyuma umeachia pembeni, na simu inazima ikiwa bado na asilimia 30. Fundi wa jirani anasema betri imejaa hewa, aitoboe kidogo itoke, kisha niendelee kuitumia. Nimruhusu? Na nikinunua tena nitajuaje kuwa siyo feki? Mdogo wangu naye anataka kununua iPhone 11 ya mtumba, anaambiwa afya ya betri yake ni asilimia 100.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na la haraka: usimruhusu atoboe, na usiichaji tena hiyo simu kuanzia sasa.

Kilichojaa kwenye betri yako si hewa. Ni gesi zilizotokana na kimiminika cha ndani kuharibika, na baadhi yake hushika moto. Seli ya simu ni tabaka juu ya tabaka ndani ya mfuko mwembamba: karatasi ya shaba, karatasi ya alumini, na katikati yake utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele. Sindano au ncha ya bisibisi ikipita hapo, pande mbili ambazo hazitakiwi kukutana zinakutana, umeme uliobaki wote unapita sehemu moja, na joto lake linatosha kuwasha kila kitu kilichomo. Moshi wa moto huo una haidrojeni floridi, gesi inayounguza macho na mapafu. Hata mfuko ukitobolewa usishike moto, unyevunyevu unaingia na uharibifu unaendelea. Betri iliyovimba haina tiba, hutolewa tu.

Kama kuna namba au picha za kuhamisha, hamisha sasa hivi simu ikiwa nje ya chaji, kisha izime. Ilaze juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na kitanda, mapazia na droo yako ya pesa, na watoto wasiifikie. Usiibane mfuniko urudi mahali pake, wala usiifunge kwa mpira. Ikitoa moshi kabla hujafika kwa fundi, isukume nje kwa kitu kirefu na uimwagie maji mengi. Kwa betri ndogo kama hii maji yanasaidia kwa sababu yanaipoza. Kama ilikuwa kwenye chaji, zima umeme ukutani kwanza. Halafu tafuta fundi mwingine. Huyo aliyetaka kutoboa huenda ana nia njema, lakini ushauri wake ungeweza kukuchomea kibanda.

Sasa, kwa nini imevimba mapema hivyo? Galaxy A30 ilitengenezwa kwa betri ya mAh 4,000, na simu yenyewe huijaza mpaka volti 4.4. Hizo ni seli zilizoundwa kuvumilia volti hizo. Seli za bei ya chini, za aina ya zamani, mwisho wake ni volti 4.2. Mwenye kutengeneza feki anachukua seli ya 4.2, anaibandika lebo inayosema 4.4, na simu yako haina namna ya kujua. Kila unapoiacha ifike asilimia 100, seli hiyo inajazwa kupita uwezo wake kwa volti 0.2. Zinaonekana kidogo, lakini kwa kemia ya litiamu ni nyingi mno: kimiminika kinaanza kuvunjika, gesi inajikusanya, mfuko unatuna kama pakiti ya maziwa iliyochachuka. Nawe wakala simu yako inashinda kwenye chaji, chini ya bati. Sijaishika betri yako mkononi, lakini kwa ulivyoeleza, hili ndilo ninaloliona likitokea mara kwa mara.

Kuna jingine ambalo mnunuzi hawezi kuliona. Betri nzuri iliyokufa nikiondoa utepe wa juu, nakuta kiubao chembamba kama kipande cha kiberiti. Juu yake kuna vipande vyeusi vidogo vinavyokata chaji volti zikizidi, na vinavyozima betri ikikaribia kuisha kabisa. Katika betri nyingi pembeni yake huwa kuna thamista, kipingamkondo kinachobadilika kufuatana na joto, na hicho ndicho kinachoiambia simu kwamba betri imepata moto, ipunguze chaji. Kwenye feki nimekuta mahali pa thamista pamewekwa kipingamkondo cha kawaida kisichobadilika. Simu ikiuliza, inajibiwa kuwa joto ni nyuzi 25, asubuhi, mchana na usiku, hata betri ikiwa haishikiki. Aliyeweka kile kipande alijua anachofanya. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu aliokoa senti chache na kumwachia mnunuzi hatari yote.

Betri zenye jina kubwa nazo zimewahi kuwa mbaya. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji, ikajitolea kuzibadilisha. Mwaka 2016 Samsung iliiondoa sokoni Galaxy Note 7 yote kwa sababu ya betri. Tofauti ni kwamba betri hizo zilikuwa na mwenyewe. Zilikuwa na namba, tarehe na kiwanda, ikawezekana kuziita zirudi. Betri yako ya Kariakoo ikibainika kesho kuwa ina kasoro, hakuna atakayekutafuta. Hata mamlaka zina kazi ngumu hapa: simu feki zilizimwa Tanzania tarehe 16 Juni 2016 kwa kutumia namba ya IMEI, lakini betri haina IMEI.

Tuje kwenye neno "orijino". A30 ilitoka mwaka 2019. Betri yake ya kiwandani ina jina linaloanza na EB-BA505, na hiyo hiyo huingia kwenye A20 na A50. Kwa kawaida betri za namna hiyo Samsung huzipeleka kwenye vituo vyake vya huduma, haizimwagi kwenye maduka ya vipuri. Sasa jiulize yule muuzaji mwenye boksi zima la "orijino" za kila simu amezipata wapi. Mara nyingi anachouza ni kimoja kati ya vitatu. Kuna betri zilizong'olewa kwenye simu mbovu, zikabandikwa lebo mpya. Kuna seli isiyo na jina iliyochapishwa jina la Samsung. Na kuna betri za viwanda vingine vinavyoandika jina lao wenyewe, pamoja na maelezo kuwa inafaa A20, A30 na A50.

Wateja wengi hiyo ya tatu huipita kwa dharau, wakidhani ndiyo kopi. Mimi ndiyo ninayoichukua pale ambapo ya kituo cha huduma haipatikani. Kiwanda kilichoandika jina lake kina cha kupoteza. Kilichoiba jina la Samsung kimeanza na uongo, na sioni kwa nini kiseme kweli kwenye mAh na volti.

Ukiishika betri dukani, stika usiihangaikie sana. Stika, hologramu na msimbo wa QR ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kuigiza. Msimbo wa QR unaweza hata kukupeleka kwenye ukurasa halisi wa kampuni, kwa sababu yeyote anaweza kunakili ule wa kweli. Anza na hesabu. Kwenye lebo kuna namba tatu: mAh, volti (V) na Wh, yaani jumla ya nishati ya betri. Zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1,000, na upate Wh. Ya A30 ni 4,000 mara 3.85 gawa kwa 1,000, yaani 15.4. Ukikuta imeandikwa mAh 4,000, V 3.85 na Wh 12.6, au Wh haipo kabisa, irudishe kwenye meza yake. Wanaochapa lebo feki hukopi namba kutoka betri moja na kuzichanganya na za nyingine bila kupiga hesabu. Angalia pia volti ya mwisho ya chaji: kwa A30 iwe 4.4, siyo 4.2.

Halafu angalia kama uwezo unadai makubwa. Betri yenye urefu, upana na unene uleule wa ile ya kiwandani haiwezi kubeba mAh 6,000 pale kiwanda kilipoweka 4,000. Kama ingewezekana, Samsung wenyewe wangekuwa wa kwanza kufanya. Hili utaliona zaidi kwenye betri za viswaswadu. BL-5C ya kweli ya Nokia ni mAh 1,020. Ukiona iliyoandikwa 2,000 na kuendelea, muuzaji hajakuzawadia kitu. Na kwa kuwa BL-5C inaingia kwenye redio na tochi nyingi huku kwetu, watoto wanazichezea kila siku, kwa hiyo usiichukulie kuwa jambo dogo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni mzani, ule mdogo wa jikoni au wa sonara. Umeme wa litiamu una uzito, kwa sababu unabebwa na shaba, alumini na madini. Seli nzuri za simu za kizazi hiki hubeba takriban Wh 1 kwa kila gramu 4. Betri ya Wh 15.4 basi inapaswa kukaribia gramu 60. Ikisoma gramu 40, ndani mmekosekana kitu, lebo iseme itakavyo. Uzito mzuri peke yake haukuhakikishii usalama, maana wapo wanaojazia, lakini uzito mdogo ni ushahidi usiopingika. Muuzaji wa kweli hatakasirika ukiomba kupima.

Tazama na konekta pamoja na ule mkanda wake mwembamba, fleksi. Iwe imenyooka, haina mkunjo mkali, na vile vidoti vya rangi ya dhahabu viwe vinang'aa bila mikwaruzo. Mikwaruzo maana yake imeshawahi kubanwa kwenye simu nyingine. Mabaki ya gundi ya zamani mgongoni ni habari ileile. Lebo ikiwa na pembe zisizolingana, au chini yake inaonekana lebo nyingine, acha.

Umri nao. Betri ya litiamu huzeeka hata ikiwa kwenye pakiti. Mwambie fundi aichomeke kwenye simu hapohapo kabla ya gundi, kisha kwenye Samsung nyingi ukibonyeza *#0228# utaona volti zake. Betri mpya hutoka na chaji kiasi tu. Tangu Aprili 2016 kanuni za usafiri wa anga zinataka betri za litiamu zinazosafirishwa peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji. Kwa hiyo volti kati ya 3.6 na 3.9 hazinipi shaka. Ikitoka kwenye pakiti tayari imejaa karibu 4.4, mtu ameshaichaji, muulize kwa nini. Ikiwa chini ya 3, imekaa rafu miaka mingi mpaka imekauka, na betri iliyoshuka hivyo hata ikikubali chaji siiamini tena.

Baada ya kuifunga, siku ya kwanza usiiache peke yake. Ichaji mchana, mezani, ukiwa karibu, na uiguse mara kwa mara. Vuguvugu ni kawaida. Ikifika hali ya kutotamani kuendelea kuishika, chomoa. Kuhusu uwezo wake halisi, usiamini programu yoyote inayokuonyesha "4000 mAh" mara tu unapoifungua. Namba hiyo imeandikwa ndani ya simu tangu kiwandani, na ingesema hivyo hivyo hata ungeweka betri ya nusu ya ukubwa huo. Ndiyo maana simu yako inazima ikiwa asilimia 30: simu inahesabu kana kwamba ina betri kubwa, wakati betri yenyewe imeshamaliza. Programu kama AccuBattery ina afadhali, kwa kuwa inahesabu umeme unaoingia wakati wa kuchaji. Iache ikusanye chaji kadhaa ndipo usome jibu lake.

Njia nzuri zaidi ni ile mita ndogo ya USB inayokaa kati ya chaja na waya. Ishushe simu mpaka ikaribie kuisha, izime, uijaze mpaka mwisho, halafu soma Wh zilizopita. Kuna umeme unaopotea njiani kama joto, kwa hiyo betri ya Wh 15.4 huhitaji kama 17 au 18 kutoka kwenye chaja. Mita ikisimama kwenye 10, umeuziwa betri ya kama mAh 2,200 kwa bei ya 4,000. Piga picha ya mita hiyo, ndiyo utakayorudi nayo dukani.

Ununue wapi? Kwanza ulizia kituo cha huduma cha Samsung kama bado wanayo ya A30. Simu ikizeeka, vituo navyo huacha kuagiza. Wenye Tecno, Infinix na itel wana nafuu, maana Carlcare ndiyo huduma rasmi ya simu hizo zote tatu. Ukilazimika kurudi Kariakoo, usiagize kwa simu na kutumiwa kwenye basi kama ulivyofanya mwanzo. Nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini pamoja na mzani. Chukua duka lenye fremu na jina, litakalokuwepo mwezi ujao. Dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya dhamana waandike jina la betri, mAh zake na muda wa dhamana. "Betri moja" pekee haitoshi, kwa sababu siku ya kurudisha watasema hiyo siyo yao. Kabla ya kulipa muulize muuzaji swali moja: ikivimba ndani ya miezi mitatu, unanibadilishia? Sikiliza anavyojibu. Anayesema "vifaa vya umeme havina garantii" ameshakwambia anachokiuza.

Hiyo iliyovimba, kama una risiti, una haki ya kuidai. Bidhaa zenye alama za kughushi zinasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na malalamiko yako yanapokelewa huko. Peleka picha na risiti, betri yenyewe usisafiri nayo kwenye basi. Ikishatolewa, iwekwe kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, na konekta yake ikiwa imezibwa kwa utepe. Usiitupe shimoni kwa taka wala usiichome. Ulizia kituo cha huduma au duka kubwa la simu linalopokea betri mbovu, hata kama itakubidi usubiri.

Siku ya kufunga mpya, kaa pale uangalie. Mfuniko wa A30 umegandishwa, unahitaji joto la wastani na kadi ya plastiki, na betri ya zamani hung'olewa polepole kwa plastiki. Fundi akichukua bisibisi ya chuma kuing'oa, mzuie. Mpya isikunjwe hata kidogo, na isimwagiwe gundi mgongo mzima. Utepe wa pande mbili unatosha.

Kuhusu mdogo wako. iPhone 11 ilianza kuuzwa Septemba 2019. Apple wenyewe wanasema betri ya simu hiyo imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 500 kamili. Iliyotumika miaka yote hiyo haiwezi kuwa na betri ya kiwandani yenye asilimia 100. Ama imebadilishwa, ama namba imechezewa: wapo mafundi wanaohamisha kile kiubao cha betri ya zamani kwenye seli mpya na kukiandika upya kwa mashine ndogo, ili simu isitoe onyo. Afungue Settings, General, kisha About. Kama betri imebadilishwa na simu imeitambua, patakuwa na sehemu ya Parts and Service History, na hapo ataona Genuine Apple Part au Unknown Part. Sehemu hiyo isipoonekana isimtulize, kwa sababu ya ujanja huo wa kiubao.

Aombe kukaa nayo nusu saa palepale: mwanga juu kabisa, video inaendelea, aone asilimia zinavyoshuka. Zikiruka kutoka 90 hadi 80 ghafla, au nyuma pakipata moto, ajue. Aitazame kwa ubavu pia kama kioo kimeinuka hata kidogo. Yote yakiwa sawa, bado ajadiliane bei kana kwamba betri ni ya kubadilishwa, na hela hiyo aiweke pembeni kwa ajili ya kazi hiyo.